UZI: "Hiyo ni shule ya kanisa." Sawa, lakini tumuulize nani?

1/ Siasa zikifika mashinani, shule ya msingi ya kijiji lazima itajwe. Mmoja anasema kanisa limelala. Mwingine anasema serikali imetutupa. Wa tatu anaahidi madarasa. Makofi yanapigwa, mkutano unaisha, Jumatatu watoto wanarudi kwa darasa lile lile. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tu tuelewe nani anafaa kujibu nini.

2/ Kwa nini inaniuma: Krismasi nilienda nyumbani. Mdogo wangu yuko Gredi ya 4 katika shule niliyosomea mimi pia, ile yenye jina la mtakatifu na msalaba langoni. Alinisomea hadithi kutoka kitabuni bila kukwama. Nikafurahi. Kisha nikaweka kidole katikati ya ukurasa, nikamwambia, "Anzia hapa." Akanyamaza. Hadithi yote alikuwa ameikariri.

3/ Nikauliza shida iko wapi. Baba akasema ni ya padri. Jirani akasema ni ya mbunge. Mama akasema yeye anajua tu kwamba kila muhula anatoa 200 za "mwalimu wa BOM". Watu watatu, majibu matatu, na hakuna aliyekuwa ameenda kuuliza popote. Kwani shule ni ya nani?

4/ Historia kidogo. Shule nyingi za zamani zilianzishwa na wamishenari, kwenye ardhi ya kanisa. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka usimamizi mikononi mwa serikali. Kanisa likabaki kama mfadhili. Kwa hivyo shule nyingi tunazoita "za kanisa" ni shule za umma. (Akademia ya kanisa inayotoza karo na kuajiri walimu wake ni ya kibinafsi. Hiyo ni stori tofauti.)

5/ Neno "mfadhili" ndilo linatuchanganya. Tunalisikia tunadhani kanisa ndilo linalolipa bili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya kusimamia malezi ya kiroho (bila kuingilia imani ya watoto wa madhehebu mengine), kutoa maoni kuhusu mtaala, na viti 3 kwenye bodi ya shule. Wazazi wana viti 6. Soma tena hapo: wazazi 6, mfadhili 3.

6/ Lakini kanisa nalo lisijifiche nyuma ya maombi. Sheria hiyo hiyo inasema mfadhili ni yule anayetoa mchango mkubwa katika masomo, fedha, majengo na mambo ya kiroho, na inamtaka asaidie kwa pesa na miundombinu. Kuna parokia zimechimba visima na kujenga vyoo, na tuwape heshima yao. Kuna zingine tunaziona tu siku ya kupigania nani awe mwalimu mkuu.

7/ Sasa, nani anafanya nini?
- Walimu: TSC. Katiba, kifungu cha 237, inaipa kazi ya kuwaajiri na kuwapeleka shuleni. Si padri, si MCA.
- Chekechea: kaunti. Hapo ndipo MCA anaweza kuulizwa, hata kama darasa liko ndani ya ua wa shule ya msingi.
- Madarasa: wizara, na mbunge kupitia NG-CDF.
- Mgao wa kila mwanafunzi: serikali kuu.
- Walimu wa BOM: bodi ya shule, na mara nyingi mfuko wa mamako.

8/ Hesabu ya mgao. Kwa miaka mingi kiwango cha shule ya msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawa kwa mihula 3, unapata kama 473. Hapo kuna vitabu, chaki, stima na ukarabati. Na zikichelewa, mwalimu mkuu anakopa dukani. Shule yenye watoto 300 inapata 426,000 kwa mwaka mzima. Mshahara wa mwalimu hautoki humo.

9/ Hizo 200 za mama je? Sheria inasema shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine inahitaji idhini ya waziri, na hata ikiidhinishwa, mtoto hafai kufukuzwa kwa sababu hajalipa. Simlaumu mwalimu mkuu. Ana madarasa mengi kuliko walimu, na Gredi ya 4 na ya 5 zinakaa pamoja mbele ya mtu mmoja. Lakini tuite jambo kwa jina lake: mzazi analipa mshahara ambao si wake kulipa.

10/ Basi kwa nini kila kampeni ni madarasa tu? Kwa sababu darasa lina ukuta, na ukuta unaandikwa jina. Unakata utepe, unapiga picha. Mwalimu hapakwi rangi. Mtoto aliyejifunza kusoma haandikwi "mradi wa mheshimiwa" kwenye paji la uso. Shule yetu ilipata darasa jipya, zuri kweli. Mdogo wangu anakariria hadithi humo ndani.

11/ Kwa hivyo mkutano ujao, usiulize "mtafanyia nini shule yetu?" Hilo kila mtu analijibu. Uliza hivi:
- Walimu wa TSC hapa ni wangapi, na madarasa ni mangapi?
- Mbunge, umeuliza nini bungeni kuhusu pengo hilo?
- Bodi, mgao wa muhula uliopita uliingia lini na ulitumikaje?
- Kanisa, mbali na viti 3, mwaka huu mmeleta nini?
- Wazazi, wale 6 wetu ni kina nani?

12/ Hilo la mwisho nilimuuliza baba. Hakujua hata mmoja. Tulipoulizia, kumbe mmoja ni yule jirani aliyesema shida ni ya mbunge.

13/ Mimi na mdogo wangu tulianza upya, silabi kwa silabi, jioni baada ya chai. Tulifika ukurasa wa 6, kisha nikarudi chuo.