Koo linalouma linaweza kuharibu moyo

Mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, iwe Mantapala au Chienge, mpelekeni kliniki mapema. Bakteria wa koo wasipotibiwa wanaweza kuleta homa ya rumatiki: viungo huvimba na kuuma, kimoja baada ya kingine, na vali za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma, huharibika.

Aliyewahi kuugua homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Inauma kweli, lakini msiikatishe hata akionekana mzima. Vali ikiharibika sana hubaki upasuaji wa kuirekebisha au kuweka ya bandia, na Hospitali ya Taifa ya Moyo iko mbali, Lusaka. Wengi wenye vali ya bandia humeza wafarini maisha yote.

Mkivuka kwenda Pweto, bebeni kadi ya sindano.