Nyama niliiacha kwa wiki moja, jibini likanishinda

KIGALI. Daktari aliponiambia mafuta yamezidi kwenye damu yangu, niliamua kula vyakula vya mimea tu. Nyama niliiacha kwa wiki moja. Mayai hayakunisumbua. Jibini lilinitesa miezi saba.

Ninyi mnaovuka kati ya Goma na Gisenyi mnalijua jibini la Masisi, lile la duara, ambalo ufundi wake uliletwa na wamisionari wa Kibelgiji. Mimi nilisoma huko Masisi, ukimbizini, hadi tuliporudi mwaka 1996. Kwetu wafugaji, kukataa maziwa ni kama kukataa undugu. Mama alikuja kutoka Rubavu na jibini zima, nikamwambia sili. Akanyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nilimweleza kwamba kilo moja ya jibini hutokana na lita kama 10 za maziwa. Mafuta yote hayo hubaki humo pamoja na chumvi, ndiyo maana ulimi hulitamani. Siku hizi kwenye mkate napaka parachichi na chumvi kidogo. Nakula maharage, isombe ya karanga, na uji wa ulezi kwa ajili ya kalsiamu. Vitamini B12 haitoki kwenye mimea, hiyo nameza vidonge.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Ndugu zangu, nimeacha jibini, asili sijaiacha. Kila nikimpigia mama simu, kwanza nawaulizia ng'ombe wake.