Diwani Wetu Alinyoosha Mkono kwa Jambo Gani?

Ukaribiapo uchaguzi, nyumba zetu hupata wageni. Mgombea huja na kofia na kanga, akatoa salamu kwa sauti nzuri, akauliza hali ya mgonjwa aliyemo ndani, na akiondoka watu husema, "Huyu ni mtu wa watu." Kisha wazee hukaa wakampima: je, huhudhuria maziko? Alichanga ulipojengwa msikiti? Hizi ni sifa njema, wala Mwislamu hazidharau. Walakini ni sifa za jirani, na ujirani alikuwa nao kabla hatujampigia kura. Diwani tulimtuma Misungwi mjini akakate mashauri kwa niaba yetu, na mashauri hayo ndiyo aghalabu hatumwulizi.

Vijana wetu wasomao fiqhi wameupitia mlango wa wakala. Wajua kwamba mtu akimwakilisha mwenziwe kununua ng'ombe mnadani, mwenye mali ana haki ya kuuliza: umenunua kwa kiasi gani, na salio liko wapi? Wakili hawezi kujibu, "Niamini tu, mimi nakupenda." Haya twawasomesha watoto kila mwaka, kisha katika mali ya kata nzima twaridhika na tabasamu.

Wako hata leo wanaodhani kuwa diwani ni tarishi wa kupeleka malalamiko kwa Mkurugenzi. La. Mkurugenzi ni mtumishi na katibu wa kikao. Madiwani, pamoja na mbunge, ndio wapitishao bajeti ya halmashauri, sheria ndogo na ushuru utozwao mazao yetu.

Na tutoe mfano mmoja ulio karibu na dini yetu. Tangu mwaka 2018 sheria imeziamuru halmashauri zitenge sehemu 10 katika kila 100 ya mapato yao ya ndani, zikopeshwe kwa vikundi: sehemu 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu. Na mikopo hiyo haina riba. Tazameni basi msiba ulivyo! Mama muuza dagaa huenda kukopa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, akalipa na kulipa hata akauza cherehani na sufuria zake, ilhali mkopo wa halali umo katika sheria ya nchi. Kweli, mikopo ya halmashauri ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe. Lakini ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Lililobaki ni kujua: je, sehemu zile 10 zilitengwa zote? Ni vikundi gani vya kata yetu vilivyopata? Na siku ilipoletwa hesabu, diwani wetu alikuwapo? Alisema nini? Alinyoosha mkono upande gani? Kwetu sisi, diwani aliyelishupalia jambo hili kikaoni ni bora kuliko yule aliyetuletea mazulia ya msikiti.

Ugumu ni huu. Katika baraza la madiwani jambo huamuliwa kwa wingi, na mara nyingi wanaoafiki husema "ndiyo" kwa pamoja, kisha muhtasari ukaandika kwamba kikao kimeridhia. Nani aliyekataa? Karatasi haisemi. Zaidi ya hayo, madiwani wa chama kimoja hukutana kwanza peke yao wakapatana, hata wakiingia ukumbini maneno yamekwisha. Bungeni Dodoma sivyo kwa bajeti ya serikali: kila Juni wabunge huitwa jina kwa jina, kila mmoja akajibu kwa kinywa chake, na jibu lake likaandikwa katika taarifa rasmi ya Bunge. Twaona halmashauri nayo yaweza kufanya vivyo hivyo kwa bajeti yake. Madiwani wa wilaya si wengi kiasi cha kushindwa kuitwa majina.

Wako watakaopinga, na hoja yao si nyepesi. Katika Bunge Maalumu la Katiba, mwaka 2014, wajumbe walibishana sana kama kura iwe ya siri au ya wazi, na mwisho kila mmoja akaachiwa achague. Bwana Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati ule, alichagua kura ya wazi, akazikataa baadhi ya ibara mbele ya watu. Siku chache baadaye aliondolewa katika cheo chake. Kumbe kura ya wazi huonwa na mwananchi, na mkubwa naye huiona. Lakini mwananchi hupiga kura yake kwa siri kwa kuwa ni yake. Kura ya diwani si yake, ameazimwa. Na ikiwa mkubwa amekwisha kuijua tangu katika kikao cha chama, kwa nini afichwe yule aliyemtuma?

Wengine huogopa kwamba kumtaja mtu namna hii ni gheba. Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwapo, mojawapo kushtaki dhulma, na nyingine kuwatahadharisha Waislamu. Mlango huo upo, ila ni mwembamba. Kusema "diwani amekula" bila ya kujua ni kumsingizia, na Suratul Hujurat imetuamuru tuichunguze khabari kabla ya kuitenda. Tena uadilifu wataka mema nayo yaandikwe. Diwani aliyepinga akashindwa kwa wingi wa wenziwe hawi sawa na aliyenyamaza, wala aliyenyamaza hawi sawa na ambaye hakufika kabisa.

Basi na tuandike. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika deni, nayo imetukataza tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Baraza la madiwani huketi kila miezi mitatu, na mkutano wake u wazi kwa wananchi. Ni vijana wangapi wa madrasa zetu wamewahi kuketi kule nyuma na daftari? Asiyeweza kusafiri, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa ruhusa kuomba kwa maandishi, na ajibiwe ndani ya siku 30. Na katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria, mikono huonekana kwa macho. Siku hiyo wake zetu wasiachwe jikoni, kwani hao ndio wanaokopa.

Mtu atasema, "Daftari la nini, na pengine kwenye karatasi ya kura pana jina moja tu?" Ni kweli, mwaka 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilipojitoa, vijiji vingi vya nchi hii vilipata wenyeviti waliopita bila kupingwa. Lakini mgombea huyo mmoja naye hupita kwanza katika kura za maoni za chama chake, na wanachama wanaopiga kura hizo wamo majumbani mwetu. Daftari lisomwe huko. Madiwani waliochaguliwa Oktoba 2025 wana muda hadi 2030, na ukurasa wa kwanza tungependa uwe wa zile sehemu 10 katika 100: zilitengwa kiasi gani, zilimfikia nani, na siku hiyo nani alikuwa kikaoni.