Kadi ya grafiki kwa mashine pepe: hesabu kabla ya kununua

Mwenye studio ya video za harusi mjini Bukoba ana kompyuta moja ya mezani yenye nguvu ya kutosha. Angependa Linux iwe ndiyo mwenyeji wa mashine hiyo, maana flashi za wateja huja na virusi kila mara, kisha ndani yake awashe mashine pepe ya Windows kwa ajili ya Premiere. Mchoraji wa ramani za nyumba anataka vivyo hivyo kwa ArchiCAD. Programu zote mbili hazina toleo la Linux. Hata DaVinci Resolve ya kuhariri video, yenye toleo la Linux, ukiitumia ile ya bure haifungui faili za H.264 ambazo kamera nyingi hurekodi.

Basi anawasha mashine pepe, Windows inafunguka vizuri, na programu ya video inagoma. Sababu ni kwamba ile Windows ya ndani haioni kadi ya grafiki iliyomo kwenye kompyuta. Inaona kadi ya kubuni, inayotosha kuandika barua na kufungua mahesabu. Dawa ipo, nayo ni kuikabidhi mashine pepe kadi halisi, nzima, iitumie kama yake. Nimeipiga hesabu dawa hiyo kwa mazingira ya Kagera, na naona kwamba inawalipa wachache, ila hao wachache inawalipa vizuri.

Kazi yenyewe hufanywa na KVM, mfumo wa mashine pepe uliomo ndani ya Linux tangu 2007, ikisaidiwa na VFIO iliyoingizwa mwaka 2012. VFIO huiondoa kadi mikononi mwa Linux na kuiacha mashine pepe izungumze nayo moja kwa moja, na kasi hukaribia ile ya kompyuta ya kawaida. Programu hizi hazilipiwi. Proxmox, inayorahisisha mambo kwa kurasa za kubofya, nayo hutumika bila malipo. VirtualBox waliyoizoea mafundi wengi haifai hapa, kwa sababu uwezo huo ulikuwa wa majaribio tu na uliondolewa kuanzia toleo la 6.1. Fedha yako, kwa hiyo, itaishia kwenye vifaa.

Anza na prosesa na mazabodi, kabla hujaulizia bei ya kadi yoyote. Vyote viwili lazima viwe na uwezo wa kukabidhi kifaa kwa mashine pepe, ambao Intel huuita VT-d na AMD huuita AMD-Vi. Ndani ya BIOS huenda ukaukuta umeandikwa IOMMU. Kwenye kompyuta za mtumba hapa ndipo watu hutupa fedha. Prosesa ya i7-3770 inao, lakini ndugu yake i7-3770K, aliyeuzwa ghali zaidi, hana. Pia mazabodi huvipanga vifaa kwa makundi, na kadi ikikaa kundi moja na kidhibiti cha diski huwezi kuikabidhi peke yake. Mwambie muuzaji aiwashe mashine kwa Linux ya flashi mkayatazame makundi hayo kabla hujalipa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekupa jibu tayari.

Kati ya mitumba ya ofisi, HP EliteDesk 800 G3 yenye i5-7500 inao uwezo huo na ina grafiki ya ndani ya Intel, ambayo Linux itabaki nayo kadi ikishaondoka. Kasoro yake ni pawa saplai ndogo, na ile ya kesi nyembamba hupokea kadi fupi tu. HP Z440 ina pawa saplai ya hadi wati 700 na nafasi tele, lakini prosesa zake za Xeon hazina grafiki ya ndani, hivyo utanunua kadi ya pili, hata iwe ya bei ya chini kabisa, kwa ajili ya mwenyeji. Laptopu achana nayo. Nyingi hupitisha picha ya kadi kubwa kupitia grafiki ya ndani, na kuzitenganisha ni kazi ya kumtesa hata fundi mzoefu.

Kuhusu kadi, kwa mashine ndogo ningechagua GTX 1650 ya GB 4 au RTX 3050 ya GB 6. Ya kwanza hula wati 75 na ya pili 70, na nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme. RTX 3060 ya GB 12 ni nzuri zaidi kwa video na akili mnemba, lakini inataka wati 170 na pawa saplai ya kweli. Ilipotoka Februari 2021 ilitangazwa kwa dola 329, na kiwango hicho kikusaidie kumpima muuzaji anayekutajia bei ya kushangaza kwa kadi iliyokwishatumika. Zamani draiva za NVIDIA zilikuwa zikigoma zikigundua zimo ndani ya mashine pepe. Tangu toleo la 465 la mwaka 2021 kampuni iliruhusu. Upande wa AMD, RX 580 na RX 5700 zina ugonjwa wa kutojiweka upya mashine pepe ikizimwa, na dawa yake mara nyingi ni kuizima kompyuta nzima. Bei yake ya mtumba isikuvute.

Usisahau RAM. Mashine pepe iliyokabidhiwa kadi hushikilia sehemu yake yote ya RAM muda wote inapowaka, kwa hiyo Windows ya GB 16 inahitaji kompyuta ya GB 32. Leseni ya Windows nayo ni ya peke yake.

Sasa umeme, ambao watu huuacha nje ya hesabu. Kompyuta yenye RTX 3060 ikifanya kazi nzito tuikadirie wati 300. Saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni karibu uniti 47. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa TANESCO wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo za REA na EWURA, yaani kama shilingi 356 mkononi. Hizo ni takribani shilingi 16,700 kwa mwezi, mzigo ambao studio yenye wateja inaubeba.

Muleba vijijini hesabu ni nyingine. Nyumba nyingi ziko kundi la D1, ambako uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, au 122 pamoja na kodi, na zinazozidi hapo hutozwa 350 kabla ya kodi. Familia inayotumia uniti 50 hulipa 6,100. Iongezee uniti 47 za kompyuta, inafika 97 na kulipa kama 18,500. Ikizoea kuvuka 75 inaweza kuhamishiwa T1, na hapo uniti zote 97 zinagharimu kama 34,500. Kwa hiyo kompyuta ya kijana mmoja inaweza kuongeza zaidi ya shilingi 28,000 kwa mwezi kwenye LUKU ya wazazi, ingawa yenyewe haikutumia hata nusu ya uniti zote 97. Wazee wa nyumba waelezwe hilo kabla kadi haijanunuliwa.

Tena pwani ya Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na radi za Ziwa Victoria hazina huruma. Umeme ukikatika ghafla mashine mbili huzimika pamoja, ya nje na ya ndani, na faili ya diski ya ile ya ndani inaweza kuharibika. Ongeza UPS kwenye bajeti, ya VA 1,000 kwenda juu. UPS ndogo ya VA 650 inaweza kulemewa kadi ikiwa kazini.

Ukizijumlisha gharama hizi, njia nyingine zinaanza kupendeza. Rahisi kuliko zote ni diski mbili, Linux kwenye moja na Windows kwenye nyingine, unachagua wakati wa kuwasha. Inagharimu SSD moja tu, kadi inatumika kwa nguvu yake yote pande zote, na hata mazabodi ya zamani inakubali. Unachokosa ni kuwa na zote mbili kwa wakati mmoja. Studio inayohariri mchana na kutunza hesabu jioni haikosi kitu.

Anayetaka Linux kwa ajili ya mafunzo ya akili mnemba, na tayari ana Windows 11 yenye kadi ya NVIDIA, hana haja ya kununua chochote. WSL 2 huiendesha Linux ndani ya Windows na kuiruhusu itumie kadi bila kuipokonya Windows.

Njia ya kukodi mtandaoni ni mashine pepe yenye kadi, ila chuma kiko kwa mwingine. Amazon hukodisha g4dn.xlarge, yenye kadi ya T4 ya GB 16, kwa dola 0.526 kwa saa katika kituo chake cha Virginia, Marekani. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni shilingi 1,315. Akaunti mpya huanza na kibali cha sifuri kwa mashine za aina hiyo, unaomba kwanza, na diski inaendelea kulipiwa hata mashine ikiwa imezimwa. Tuseme umetajiwa kadi kwa shilingi 900,000. Ukiwa nayo nyumbani, kila saa unaokoa 1,315 ukitoa umeme wa kama shilingi 107, inabaki 1,208. Kadi inarudisha fedha yake baada ya saa 745 hivi, sawa na miezi minane ya saa tatu kila siku. Anayetumia kadi mara moja kwa wiki hatafika huko mapema.

Hata hivyo kwa video za harusi kukodi hakufai. Picha za sherehe moja zikifika GB 60, kuzipandisha kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 13, bila kuhesabu bando.

Picha za majani ni jambo jingine. Muleba ndiko mnyauko wa migomba, unyanjano, ulikoonekana kwanza nchini katikati ya miaka ya 2000, na mwanafunzi anayetaka kuifundisha kompyuta kuutambua ana kazi ya maana. Picha 2,000 za kilobaiti 300 ni MB 600 tu. Tovuti ya Kaggle hutoa takribani saa 30 za kadi kwa wiki bila malipo, na humo humo zimo picha 21,367 za majani ya muhogo zilizokusanywa Uganda na kuletwa na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere kwa shindano la 2020. Ajifunze kwa hizo, kisha apandishe na za migomba ya kwao. Kumnunulia kadi kijana huyu ni kumharakisha kutumia fedha ambayo kazi yake bado haijaihitaji.

Hukumu yangu ni hii. Mkabidhi mashine pepe kadi nzima kama unahitaji Windows na Linux saa ile ile, kila siku, kwenye kompyuta ya mezani yenye VT-d, grafiki ya pili, RAM ya GB 32 na UPS. Studio yenye wahariri wawili, au ofisi ambayo seva yake haipaswi kuzimwa, iko hapo. Wengine waanze na diski mbili au WSL 2, na mwanafunzi wa Muleba aanze na Kaggle. Ukiamua kununua, iwe Kariakoo, Mwanza au Kampala kupitia forodha ya Mutukula, hakikisha kadi imejaribiwa kwa mzigo mbele yako, na dhamana iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kadi yenyewe.