Jinsia, Lugha na Nafuu Baada ya Upasuaji wa Mgongo: Mfano wa Eldas, Kaunti ya Wajir

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la madaktari peke yao: kwa nini wanawake na wanaume waliofanyiwa upasuaji wa mgongo wa aina moja hawaripoti nafuu iliyo sawa? Tunadai kwamba sehemu ya jibu imo katika lugha, yaani katika maneno anayoyatumia mgonjwa kueleza maumivu yake na maneno ambayo hojaji za kitabibu huyatumia kumpima. Mfano wetu ni Eldas, jimbo lililo kaskazini-magharibi mwa mji wa Wajir, ambalo lilimchagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013. Tumelichagua kwa kuwa mgonjwa wa huko hulazimika kuvuka lugha tatu kabla ya kukifikia kisu cha mpasuaji: Kisomali cha nyumbani, Kiswahili cha wauguzi na Kiingereza cha faili ya daktari.

Kwanza tutenganishe istilahi mbili. Baadhi ya wataalamu wa Kiswahili hutofautisha jinsi, yaani umbile la kike au la kiume alilozaliwa nalo mtu, na jinsia, yaani majukumu na matarajio ambayo jamii humtwika mtu kwa sababu ya umbile hilo. Wengine huyatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja, na katika mazungumzo ya kawaida si kosa kubwa. Katika mada hii, hata hivyo, tofauti hiyo haiepukiki. Mfupa unaopungua uzito baada ya ukomo wa hedhi ni suala la jinsi. Jerikani la lita 20 linalobebwa kutoka kisimani ni suala la jinsia. Mpasuaji anaweza kulishughulikia la kwanza kwa dawa na skrubu. La pili humsubiri mgonjwa nyumbani.

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kufanya shughuli zao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa nayo mwaka 2020, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wengi wao hawahitaji upasuaji. Wanaouhitaji ni wachache ambao diski iliyo kati ya pingili mbili imechomoza na kubana neva, au mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba, au pingili zimelegea na sharti ziunganishwe kwa vyuma. Kifua kikuu cha mgongo nacho huwapeleka baadhi ya wagonjwa kwa mpasuaji, ingawa tiba yake ya msingi ni dawa.

Kuhusu tofauti ya wanawake na wanaume, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka mbali sana na Wajir. Uswidi ina daftari la kitaifa la upasuaji wa mgongo, liitwalo Swespine, ambamo wagonjwa hujaza hojaji kabla ya upasuaji na tena baada ya mwaka mmoja au zaidi. Uchambuzi wa daftari hilo uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu zaidi ya wagonjwa 15,000 wa diski, ulionyesha kwamba wanawake walikwenda kupasuliwa wakiwa na maumivu makali zaidi, ulemavu mkubwa zaidi na ubora wa maisha ulio chini kuliko wa wanaume. Tafiti za aina hii hukaribiana katika jambo moja: kiasi cha nafuu wanachokipata wanawake na wanaume hakitofautiani sana, lakini wanawake huishia mahali palipo chini kidogo kwa sababu walianzia chini. Ni kama watu wawili waliopanda ngazi idadi sawa ya vidato, mmoja akianzia shimoni na mwenziwe akianzia sakafuni. Atakayesema kwamba upasuaji haukumfaa yule wa shimoni atakuwa amekosea hesabu. Suala ni kilichomweka shimoni muda wote huo.

Maelezo ya kibiolojia yapo, nasi hatuyapuuzi. Uzito wa mifupa ya mwanamke hupungua kwa kasi baada ya ukomo wa hedhi, na skrubu haishiki vizuri katika mfupa uliopungua. Tofauti za misuli, homoni na namna mwili unavyohisi maumivu zimechunguzwa pia. Lakini kuchelewa nako kuna athari yake. Utafiti wa Marekani ujulikanao kama SPORT ulionyesha, katika uchambuzi wa mwaka 2011, kwamba wagonjwa wa diski waliokuwa na dalili kwa zaidi ya miezi 6 walipata nafuu ndogo kuliko waliotibiwa mapema. Hapa ndipo jinsia inapoingia, kwani kuchelewa hakugawanywi sawasawa.

Tuutazame mgongo wa mama wa Eldas kwa mujibu wa kazi zake. Katika jamii ya wafugaji wa Kisomali, mwanamke ndiye ajengaye aqal, ile nyumba ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, na ndiye aibomoaye na kuipakia juu ya ngamia familia inapohama. Kuni ni zake. Maji ya nyumbani ni yake, na jerikani la lita 20 likijaa huwa na uzito wa kilo 20. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mwanamke wa Wajir angezaa kwa wastani watoto 7.8, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko cha kaunti nyingine yoyote nchini. Ule wa mwaka 2022 ulipata 6.8, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 3.4. Kila mtoto kati ya hao amebebwa tumboni na kisha mgongoni. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo mvua za misimu mitano mfululizo hazikutosha, ulirefusha njia ya maji na wakati uo huo ukaua mifugo ambayo ingeuzwa kulipia matibabu.

Mwanamume naye hafanyi kazi nyepesi. Kunywesha ngamia kwa ndoo za kuvutwa kutoka kisima kirefu ni kazi ya kuvunja mgongo, na kupakia lori pia. Tofauti ni kwamba kazi ya mwanamume huhesabiwa kuwa kazi. Akishindwa kuvuta ndoo, ndugu huona mara moja kwamba mifugo itakosa maji, na safari ya hospitali hupangwa. Mama anayeinama kwa maumivu akiendelea kupika huonekana bado anapika. Vilevile hatuna budi kukiri kwamba takwimu za wanaume zina dosari yake: anayefundishwa tangu utotoni kwamba kulalamika ni aibu anaweza kutaja maumivu ya 4 pale ambapo angetaja 7. Huenda pengo la takwimu linatokana kwa sehemu na wanawake kuumia zaidi, na kwa sehemu nyingine na wanaume kunyamaza.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Hojaji inayotumika sana kwa wagonjwa wa mgongo ni ile ya Oswestry, iliyopewa jina la mji wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1980. Ina sehemu 10, zikiwemo ukali wa maumivu, kujihudumia, kuinua vitu, kutembea, kuketi, kusimama, kulala, tendo la ndoa, maisha ya kijamii na kusafiri. Kila sehemu hupewa alama 0 hadi 5, na jumla hugeuzwa kuwa asilimia. Nyingine, SF-36, hupima ubora wa maisha kwa ujumla kwa maswali 36. Hiyo ya pili ina historia inayotuhusu moja kwa moja: ilitafsiriwa kwa Kiswahili ili itumike Tanzania, ikajaribiwa Dar es Salaam, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999. Kwa hiyo suala la kumpima Mswahili kwa lugha yake si jipya. Lina zaidi ya robo karne.

Anayezisoma hojaji hizi kwa Kiingereza chake cha asili hukutana na maisha ya mtaa fulani wa Ulaya au Marekani. SF-36 hutaja kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, kucheza gofu, kubeba mifuko ya sokoni na kupanda ngazi za ghorofa. Oswestry humuuliza mgonjwa iwapo anaweza kuinua kitu kizito kikiwa kimewekwa pazuri, kwa mfano juu ya meza. Jerikani la Eldas halikai juu ya meza. Huinuliwa kutoka ardhini ukingoni mwa kisima, kwa kiwiliwili kilichopinda, na hiyo ndiyo namna ya kuinua ambayo wapasuaji hukataza kwa wiki nyingi baada ya upasuaji. Mama atakayeulizwa habari za meza anaweza kujibu kwa unyofu kwamba hana shida, akapewa alama nzuri, kisha akarudi nyumbani kuuharibu mgongo uliogharimu ngamia wawili watatu. Tafsiri sisisi hapa haikosei sarufi wala msamiati. Inakosea mgongo.

Kuna shughuli moja ambayo hojaji hizo haziitaji, na ambayo kwa maoni yetu ingefaa kuliko gofu mara mia: swala. Swala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina rukuu moja na sijda mbili. Jumla ni rukuu 17 na sijda 34. Mwanamume na mwanamke husali kwa idadi hiyo hiyo, tajiri na maskini vilevile, kwa hiyo swali juu yake halimpendelei yeyote. Dini inamruhusu mgonjwa kusali ameketi, na siku anayorudi kugusa paji la uso chini huikumbuka. Mtunzi wa swali akumbuke tu kwamba wanawake hawasali wakati wa hedhi na nifasi, asije akaandika kwamba mgonjwa ameshindwa.

Jambo zito zaidi ni tasfida. Sisi wanafunzi wa lugha hufundishwa kuiona tasfida kama pambo la adabu, na kwa kweli ni hazina. Kitandani mwa mgonjwa wa mgongo yaweza kuwa hatari. Chini ya uti wa mgongo kuna fungu la neva ambalo wataalamu wa kale wa Kilatini walilifananisha na mkia wa farasi. Fungu hilo likibanwa ghafla, mgonjwa hupata ganzi katika sehemu anazokalia zikiwemo za siri, hushindwa kuuzuia au kuutoa mkojo, na choo huweza kumponyoka. Hiyo ni dharura. Upasuaji hutakiwa kufanywa haraka, ikiwezekana katika muda wa saa 48, la sivyo ulemavu huo unaweza kuwa wa kudumu. Sasa fikiria mama aliyezaa watoto saba, anayedhani kwamba mkojo unaomtoka ni athari za uzazi, akimweleza mkalimani wa kiume ambaye pengine ni mtoto wa shemeji yake. Atasema dhabar, yaani mgongo, unamuuma. Mkalimani atasema kwa Kiswahili kwamba mama anaumwa kiuno. Daktari ataandika kwa Kiingereza maumivu ya kawaida, na mama atapewa vidonge. Hakuna aliyesema uongo katika mlolongo huo. Kila mmoja alikuwa na adabu.

Na saa 48 ni chache mno kwa Eldas. Kutoka Wajir hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 300, njia ambayo sehemu yake kubwa kwa miaka mingi ilikuwa changarawe na mchanga; kutoka Garissa hadi Nairobi, waliko wapasuaji wengi wa mgongo, ni takriban kilomita 370 zaidi. Dalili isiyotajwa Eldas haitapata muda wa kutajwa Nairobi.

Tendo la ndoa nalo huachwa wazi katika hojaji ya Oswestry na wagonjwa wa jamii nyingi, si Waislamu peke yao. Baadhi ya watafiti wameliondoa swali hilo. Toleo moja la mwaka 2001 liliweka mahali pake swali la ajira na kazi za nyumbani. Badiliko hilo linampa mama wa Eldas nafasi ya kutaja kuni na maji, lakini linamnyang'anya nafasi ya kusema jambo linaloweza kuivunja ndoa yake. Tunaona lingekuwa bora swali libaki, liulizwe na mwanamke, faraghani, kwa msamiati wa unyumba ambao Kiswahili na Kisomali vyote vinao.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka wahudumu wamweleze mgonjwa hali yake na tiba yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Lakini hakuna sheria inayojitafsiri. Kazi inayosalia inafahamika na kila aliyesoma nadharia za tafsiri: hojaji itafsiriwe na watu wawili kila mmoja peke yake, tafsiri zilinganishwe, ifanywe tafsiri rejeshi na mtu asiyeliona tini asilia, kisha maswali yasomewe wagonjwa wachache ili waeleze walivyoyaelewa. Kwa Wajir itafaa ianze na Kisomali, Kiswahili kikifuata kwa ajili ya wauguzi, na miongoni mwa wanaosomewa wawemo wanawake waliowahi kupasuliwa. Swali la kuinua vitu liwaulize wazi: unaweza kuliinua jerikani lililojaa kutoka chini hadi mgongoni bila kusaidiwa? Na lifuatwe na jingine ambalo Oswestry haikulifikiria: usipoweza, ni nani atakayelibeba?