Maduka Mengi, Wauzaji Wachache: Bei ya Chakula Lodwar na Kakuma

Wewe mkulima wa skimu, uwe wa Katilu kando ya mto Turkwel au uwe na bustani yako Kalobeyei, ni muuzaji kwa siku chache na mnunuzi kwa siku nyingi. Mtama ukiisha ghalani, huna budi kwenda dukani Lodwar au Kakuma kutafuta unga, sukari, mafuta na chumvi, sawasawa na mtu asiye na shamba. Kwa hiyo bei za dukani ni habari yako, wala si ya watu wa mjini peke yao.

Watu wengi husema kwamba vitu ni ghali kwa sababu ya barabara. Ni kweli kwa sehemu. Kutoka Kitale hata Lodwar ni kilomita karibu 300, na kutoka Lodwar hata Kakuma ni kama 120 nyingine, na kila gunia hulipiwa dizeli njia yote hiyo. Ukame nao una sehemu yake: tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mwezi wa Julai 2022 Serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe kwa Sh100, jambo lililodumu majuma machache tu. Lakini liko jambo la tatu, ambalo halionekani kwa macho kama shimo la barabarani. Je, ni watu wangapi hasa wanaokuuzia?

Ukipita sokoni Kakuma utaona maduka yamepangana pande zote mbili za njia, nawe utadhani wenyewe wanashindana sana. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa mwaka 2018, ulieleza kwamba kambini Kakuma palikuwa na biashara zaidi ya 2,000, bali wauzaji wa jumla walikuwa 14. Tafakari hesabu hiyo. Mwenye kibanda hawezi kukupunguzia bei kupita ile aliyonunulia, naye huchukua mali kwa watu wale wale aliochukua jirani yake. Maduka mia yakiteka maji katika visima viwili, mwenye nguvu ni mwenye kisima.

Tena liko deni. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya chakula chao kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, na fedha hizo zilitumika kwa wafanyabiashara walioidhinishwa tu. Mwaka 2019 wakazi wengi wa Kalobeyei walibadilishiwa, wakapewa fedha taslimu benki, wanunue watakako. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuta kwamba wengi walikuwa na deni dukani, na wengine wamemwachia mwenye duka kadi zao kuwa rehani. Mtu wa namna hiyo ana ruhusa ya kwenda popote, lakini hawezi kwenda. Usidhani hayo ni ya wakimbizi tu. Mkulima anayekopa unga kwa ahadi ya mavuno amefungwa kwa kamba ile ile.

Huko viwandani nako mikono imepungua. Mwaka 2002 kampuni ya Unilever iliiuzia Bidco ya Thika mafuta ya Kimbo na Cowboy. Mkebe ni ule ule, mwenyewe ni mwingine. Kuungana si kosa. Kiwanda kikubwa chaweza kutengeneza kwa gharama ndogo. Swali ni kama nafuu hiyo inakufikia. Marekani, kampuni mbili kubwa za maduka ya chakula, Kroger na Albertsons, zilitaka kuungana kwa dola bilioni 24.6. Serikali yao ilipinga ikisema bei zitapanda, na mwezi wa Desemba 2024 mahakama ikazuia.

Hapa Kenya tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, na Mamlaka ya Ushindani inayoisimamia. Mamlaka hii haipangi bei. Kazi yake ni kuchunguza makampuni yanayotaka kuungana, wauzaji wanaopatana bei kwa siri, na wanunuzi wakubwa wanaowakandamiza wanaowaletea mali. Desemba 2023 iliwatoza wenye maduka ya Carrefour faini ya Sh1.1 bilioni kwa sababu ya vile walivyowatendea wauzaji wao wawili, mmoja akiwa ni kampuni ya asali. Mkulima, habari hiyo yakuhusu kama muuzaji: mnunuzi akiwa mmoja, bei ya jasho lako ni yeye aipangaye.

Sasa hesabu kidogo, kama ya darasani. Tuseme gunia la unga la kilo 50 ni Sh6,000 kwa jumla, yaani Sh120 kwa kilo. Ukinunua kilo moja moja kwa Sh150, gunia likiisha umelipa Sh7,500. Jirani watano wakichanga Sh1,200 kila mmoja, kila nyumba yapata kilo 10 na kubakiza Sh300. Anzeni na gunia moja. Msikimbilie jengo, kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kilikuwa kikubwa kweli, nacho kilifanya kazi muda mfupi tu.

Kadi yako ya benki na namba yake ya siri usimwachie mwenye duka, hata akiwa ndugu. Na ukiona maduka yote yamepandisha bei siku moja kwa kiasi kimoja, andika tarehe, jina la bidhaa, bei ya jana na ya leo, utunze na risiti. Ukija ofisi ya kilimo, zilete karatasi hizo, karani akusaidie kuandika barua kwa Mamlaka huko Nairobi.