Bastola Ndogo: Namna ya Kupima Kutegemeka Kwake

Mnunuzi wa bastola ndogo, ile ibebwayo kiunoni chini ya koti au shati, kwa kawaida huitazama wepesi, umbo na bei. Sifa hizo zinaonekana dukani. Sifa iliyo kubwa kuliko zote, yaani kutegemeka, haionekani dukani, wala risasi moja iliyofyatuliwa vizuri haiithibitishi. Katika makala hii tunaeleza maana ya kutegemeka, jinsi kunavyopimwa, na mambo ambayo mwenye leseni anapaswa kuyahakikisha kabla ya kuanza kuibeba silaha yake.

Ahadi mbili

Bastola ya kutegemeka hutimiza ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba itafyatuka kila triga inapovutwa. Ya pili ni kwamba haitafyatuka kamwe triga isipovutwa. Wanunuzi wengi huuliza habari za ahadi ya kwanza na kuisahau ya pili. Ahadi ya kwanza ikivunjika, anayehatarika ni mwenye silaha. Ya pili ikivunjika, wanaohatarika ni pamoja na watoto, abiria wenzake na wapita njia.

Mfano unaojulikana ni wa bastola ya LCP ya kampuni ya Ruger ya Marekani, yenye uzito usiofika gramu 300. Iliingia sokoni mwaka 2008. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kampuni iliwataka wateja waliokuwa nazo wazirudishe zirekebishwe, kwa kuwa zingeweza kufyatuka zenyewe zikianguka kwenye sakafu ngumu zikiwa na risasi ndani ya chemba. Ikumbukwe kwamba Marekani, sheria ya mwaka 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa haikuipa tume hiyo mamlaka juu ya silaha za moto. Kwa hiyo wito wa kurudisha bastola yenye kasoro hutegemea sana mtengenezaji mwenyewe, na mnunuzi aliye mbali anaweza asiusikie.

Kwa nini udogo huleta shida

Katika bastola ya kujipakia, nguvu ya risasi inayofyatuka husukuma nyuma kipande cha juu cha silaha, ganda tupu likatupwa nje, kisha springi hukirudisha kipande hicho mbele kikiwa kimesukuma risasi mpya ndani ya chemba. Katika bastola ndogo kipande hicho ni chepesi na husafiri umbali mfupi. Springi yake lazima iwe ngumu zaidi, na springi ya magazini hupata muda mchache zaidi wa kuinua risasi inayofuata. Mkono uliolegea, uchafu wa mfukoni au springi iliyochoka, mambo ambayo bastola kubwa huweza kuyavumilia, yanatosha kuikwamisha ndogo.

Kipimo kinavyofanyika

Jimbo la California nchini Marekani lilitunga mwaka 1999 sheria ya kupima bastola zinazouzwa humo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2001. Bastola tatu za aina moja hupelekwa maabara, na kila moja hufyatua risasi 600. Baada ya kila risasi 50 huachwa ipoe, na baada ya kila risasi 100 husafishwa. Risasi 20 za mwanzo lazima zitoke bila hitilafu yoyote ya silaha. Katika zote 600, hitilafu zisizidi sita, na pasiwe na ufa au mvunjiko unaoweza kumdhuru mtumiaji.

Ahadi ya pili hupimwa kwa kuiangusha bastola kutoka kimo cha takriban mita moja juu ya zege, katika mielekeo sita tofauti. Ndani ya chemba huwekwa ganda lenye kiwashio tu, lisilo na baruti wala kichwa cha risasi. Kiwashio kikilipuka, bastola imeshindwa. Kipimo hiki ni cha maabara. Mtu yeyote asithubutu kukijaribu nyumbani.

Kigezo hicho kinaruhusu hitilafu moja katika kila risasi 100. Tena kinahusu aina ya bastola kwa jumla. Bastola iliyo mkononi mwako, pamoja na magazini zake na risasi unazotumia, bado inahitaji kipimo chake.

Idadi inayotosha

Watu husema, “Nimepiga risasi 50, haikukwama hata mara moja.” Kwa kanuni ya takwimu, majaribio 50 bila hitilafu yanatuwezesha kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha hitilafu hakizidi takriban asilimia 6. Kiwango cha asilimia 6 ni zaidi ya hitilafu moja katika kila risasi 20. Majaribio 200 bila hitilafu hushusha kiwango hicho hadi takriban asilimia 1.5. Risasi ni ghali, na leseni ina mipaka yake; hivyo hesabu hii inaweza kukusanywa kwa miezi kadhaa, mradi kumbukumbu zitunzwe.

Yanayompasa mwenye leseni

1. Fanya majaribio katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa kisheria, mbele ya mkufunzi, ukiwa umevaa kinga ya macho na masikio.

2. Tumia aina ileile ya risasi utakayoibeba. Risasi za mazoezi peke yake hazithibitishi kitu kuhusu risasi za aina nyingine.

3. Zitie magazini namba. Andika tarehe, idadi ya risasi, namba ya magazini na kila hitilafu. Mara nyingi kosa huwa la magazini moja.

4. Triga ikivutwa na risasi isitoke, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30 kabla ya kuitoa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha mara moja: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.

5. Hitilafu ikitokea, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha anza hesabu upya. Anza upya pia baada ya matengenezo yoyote.

6. Uliza kwa muuzaji na kwa mtengenezaji, ukitaja namba iliyochongwa kwenye silaha, kama bastola yako imo katika zilizoitwa kurudishwa.

7. Ibebe ndani ya ala inayofunika triga yote. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Bastola iliyokwama bila sababu kujulikana isibebwe hadi fundi mwenye leseni aikague. Na ile inayodhaniwa kufyatuka bila triga kuvutwa itolewe risasi zote, ifungiwe, na taarifa itolewe polisi na kwa muuzaji. Kasoro ya namna hiyo haipaswi kusubiri itokee mara ya pili.